Mtoto akizaliwa, nani apunguze kazi? Mipango minne, kwa mama na kwa baba

Wenzi wengi hawakai chini kuamua nani atapunguza kazi mtoto akizaliwa. Mambo hujipanga yenyewe: mama anaingia likizo ya uzazi kwa kuwa ndiye aliyejifungua, baba anarudi kazini baada ya siku chache, na utaratibu wa miezi mitatu ya mwanzo unakuja kuwa utaratibu wa miaka kumi. Hapa nalinganisha mipango minne ambayo familia za wazazi wawili huishia nayo, na kila mmoja nimeutazama pande mbili: unamfanyia nini mama kwenye ajira yake, na unamfanyia nini baba. Malezi mema na furaha ya nyumba ni mazungumzo mengine. Hapa ni kazi na kipato tu.

Niseme mapema ninapoegemea. Watu hulinganisha urefu wa likizo, lakini miaka mitano baadaye likizo imeshasahaulika. Jambo linaloendelea kula kazi ya mzazi ni kuitwa bila taarifa, na anayeitwa huwa yuleyule kila siku.

Msipochagua, mnachaguliwa

Mwaka 2019 wachumi Henrik Kleven, Camille Landais na Jakob Søgaard walichapisha utafiti wa kumbukumbu za mapato za Denmark. Kabla ya mtoto wa kwanza, mapato ya wanawake na ya wanaume yanakwenda sambamba. Mtoto akizaliwa, ya mama yanaporomoka kwa karibu asilimia 30, kisha yanapanda kidogo na kutulia: baada ya miaka mingi bado yapo takriban asilimia 20 chini ya pale ambapo yangekuwa. Ya baba hayatikisiki. Ukichora mstari wake huwezi kuonyesha ni mwaka gani alipata mtoto.

Na Denmark ni miongoni mwa nchi zilizo nafuu. Hesabu ya aina hiyohiyo, muda mrefu baada ya mtoto wa kwanza, ilitoa pengo la takriban asilimia 26 Sweden, 31 Marekani, 44 Uingereza, 51 Austria na 61 Ujerumani.

Pengo hilo linatoka wapi? Kwa Denmark, limegawanyika karibu sawasawa katika sehemu tatu: mama wanaoacha kazi kabisa, wanaopunguza saa, na wanaolipwa kidogo zaidi kwa saa ileile kwa sababu walihamia kazi nyepesi kwa familia au walikosa kupanda cheo. Watafiti haohao wakaangalia pia wazazi walioasili watoto, ambako mama hakubeba mimba wala kujifungua. Kwa muda mrefu, anguko la mama likawa karibu lilelile. Kwa hiyo ujauzito na kunyonyesha havitoshi kulieleza. Wahenga walishasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na takwimu zinawaunga mkono.

Kwa dunia nzima, Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2024 kuwa wanawake milioni 708 wako nje ya soko la ajira kwa sababu ya majukumu ya kulea na kuhudumia wengine. Wanaume waliotoa sababu hiyohiyo ni milioni 40.

Waajiri nao wana mkono wao. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa 2007 na Shelley Correll na wenzake, maombi ya kazi yenye sifa zinazolingana yalitumwa kwa waajiri, tofauti ikiwa ni dalili kwamba mwombaji ni mzazi. Wanawake wasio na watoto waliitwa takriban mara mbili ya akina mama. Baba hawakuadhibiwa. Katika sehemu ya maabara ya utafiti huo, mama alipendekezewa mshahara wa kuanzia ulio chini kwa takriban dola 11,000 kwa mwaka kuliko mwanamke asiye na mtoto, ilhali baba alipendekezewa zaidi kidogo kuliko mwanamume asiye na mtoto. Mtoto yuleyule, kwa mmoja anasomeka kama mzigo, kwa mwingine kama ushahidi wa kutulia. (Tusiikuze sana hiyo "nyongeza ya ubaba": sehemu yake inatokana na kwamba wanaume ambao mishahara yao tayari inapanda ndio wanaooa na kuzaa mapema.)

Mipango yenyewe, kwa ufupi

| Mpango | Mama | Baba |
|---|---|---|
| 1. Mama aache kazi, baba aendelee | Kipato chake kinakatika, michango ya pensheni inasimama, kurudi ni kugumu | Anaongeza saa, anabeba nyumba peke yake, hathubutu kubadili kazi |
| 2. Mama saa pungufu, baba saa zote | Anabaki kazini lakini ngazi ya vyeo inasimama | Karibu hakuna kinachobadilika |
| 3. Wote saa zote, malezi ya kulipia | Anashika nafasi yake, ikiwa tu dharura hazimwangukii yeye peke yake | Inategemea kama naye huitwa |
| 4. Wote wapunguze kidogo, kwa zamu | Anguko dogo zaidi | Anguko dogo, ambalo asingelipata kabisa |

Mpango wa 1: mama aache kazi

Mpango huu huingia kwa mlango wa hesabu, kwa hiyo tuifungue hesabu yenyewe. Tuseme mama analipwa 600 kwa mwezi, baba 1,000, na malezi ya mchana ni 450, kwa fedha yoyote ile. Mezani inasemwa: "Ukitoa malezi, mwenzangu, unafanya kazi kwa ajili ya 150. Si heri ukae na mtoto?"

Kosa la kwanza ni kuyatoa malezi kwenye mshahara wa mama peke yake, kana kwamba baba angeweza kwenda kazini mtoto akiwa hana wa kumwangalia. Gharama hiyo inawawezesha wote wawili. Familia inaingiza 1,600, inalipa 450.

Kosa la pili ndilo kubwa, maana halionekani kwenye mwezi huu. Chukulia mama anakaa nyumbani miaka mitano. Anapoteza ile 150 mara miezi 60, yaani 9,000. Lakini kama angebaki na mshahara ukapanda asilimia 4 kila mwaka, mwisho wa miaka hiyo angekuwa karibu 730. Akirudi kwa bahati nzuri anaanzia 600 aliyoiacha. Pengo ni 130 kila mwezi. Kama amebakiza miaka 20 ya kufanya kazi, na hata tukikubali pengo lisikue, ni 31,200. Jumlisha na zile 9,000: 40,200, mishahara yake ya miezi 67. Michango ya pensheni bado hatujaigusa.

Sasa iweke ngumu zaidi: watoto wawili, malezi 900, zaidi ya mshahara wenyewe. Akikaa nyumbani familia inaokoa 300 kwa mwezi, 18,000 kwa miaka mitano. Bado ni chini ya 31,200. Ila hapa kuna jambo la kweli ambalo hesabu za makaratasi huliruka: hiyo 300 inatakiwa mwisho wa mwezi huu, na 31,200 itakuja kidogokidogo kwa miaka ishirini. Familia isiyo na akiba haiwezi kula pesa ya kesho. Kama ndivyo mlivyo, mpango huu si ujinga. Fanyeni tu mkijua mnakopa kwenye maisha ya baadaye ya mmoja wenu.

Kwa baba, mpango huu unaonekana kama ushindi: hakuna anayemsumbua, anapanda cheo. Upande wa pili ni kwamba hawezi tena kugombana na bosi mbaya, hawezi kuacha kazi akasome, na akiachishwa nyumba nzima inazimika siku hiyohiyo. Mshahara mmoja ni nguzo moja.

Na kuna lile ambalo wapenzi hawapendi kulitaja: talaka, ugonjwa, kifo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Baadhi ya nchi hulijua hili na kuweka kinga. Ujerumani, kwa mfano, humhesabia mzazi miaka mitatu ya pensheni kwa kila mtoto aliyezaliwa kuanzia 1992, hata kama hakuchangia. Pasipo kinga ya namna hiyo, kama mama anaacha kazi, basi baba amchangie mfuko wake au amfungulie akiba iliyo kwa jina lake, na jambo hilo liamuliwe siku ileile anapoandika barua ya kuacha kazi. Baadaye halifanyiki.

Vipi baba akiwa ndiye anayeacha? Hesabu ni ileile, ukigeuza majina. Wako wachache, na akitaka kurudi hukutana na maswali ambayo mama haulizwi, kama vile "ulikuwa na tatizo gani?"

Mpango wa 2: mama saa pungufu

Huu unapendwa kwa kuwa unaonekana kama suluhu ya kati. Uholanzi ni nchi ya mpango huu: zaidi ya nusu ya wanawake wenye ajira hufanya kazi saa pungufu. Faida yake ni ya kweli. Mama habanduki kwenye fani, anajua mfumo mpya ulioingia mwaka jana, jina lake lipo kwenye orodha ya mishahara.

Tatizo ni mlango wa kurudi. Ujerumani ilitoa haki ya kuomba kupunguziwa saa tangu 2001, lakini aliyepunguza hakuwa na haki ya kurudishiwa saa zake zote. Waliokwenda kwa mwaka mmoja wakakaa kumi. Mpaka 2019 ndipo ikaja sheria ya saa pungufu zenye kikomo: unapunguza kwa kipindi kilichotajwa, kisha unarudi ulipokuwa, ilimradi kampuni ina wafanyakazi zaidi ya 45. Tofauti ya sheria hizo mbili ndiyo tofauti kati ya mpango wa 2 mzuri na mbaya.

Kasoro nyingine: mzazi mwenye nusu siku nyumbani hupewa nyumba nzima. Saa nne alizopunguza kazini zinazaa daktari, vikao vya shule, mafundi, na mgonjwa wa ukoo. Baba, akiona mambo yanakwenda, anaacha kabisa kujua dawa za mtoto ziko kabati gani.

Mpango wa 3: wote saa zote

Kwenye karatasi ndio mpango wa usawa. Malezi ya bei nafuu huusaidia sana: jimbo la Quebec, Kanada, lilipoanza mwaka 1997 kutoza dola 5 kwa siku kwenye vituo vya kulelea watoto, ajira ya akina mama wa watoto wadogo iliongezeka waziwazi. Kwa hiyo ukiwa na kituo cha kuaminika au msaidizi mzuri, nusu ya kazi imekwisha.

Nusu nyingine ni simu ya saa nne asubuhi. Mtoto ana homa, njooni mumchukue. Fomu ya kituo ina mistari miwili ya namba za simu, na aliyeandikwa mstari wa kwanza ndiye anayepigiwa. Mara nyingi ni mama. Mara nyingi aliyeijaza fomu ni mama mwenyewe. Anatoka kwenye kikao, mara moja, mara tatu, mara ya nne bosi hamweki tena kwenye mradi ule wenye wateja. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyepunguza mshahara wake. Ila mradi ule ndio ambao mwaka kesho ungempa cheo.

Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameeleza vizuri kwa nini hili ni ghali. Kuna kazi zinazolipa kupita kiasi kwa mtu anayepatikana muda wote, usiku, Jumamosi, safari ya ghafla. Yeye huziita kazi zenye uroho. Saa 60 hazilipi mara moja na nusu ya saa 40, hulipa zaidi ya hapo. Basi wawili wenye kazi za namna hiyo wakipata mtoto, kipato cha nyumba kinakuwa kikubwa zaidi mmoja akibaki mle na mwingine akiwa wa kuitwa, kuliko wote wawili wakijigawa nusu kwa nusu. Usawa unakuwa na bei, na wengi hawainunui. Goldin, Marianne Bertrand na Lawrence Katz waliwafuatilia wahitimu wa shahada ya uzamili ya biashara wa Chuo Kikuu cha Chicago: wanaume na wanawake walianza na mishahara inayokaribiana, wakaachana sana katika miaka kumi na zaidi iliyofuata, na sehemu kubwa ya tofauti ikatokana na kukatiza kazi na kupunguza saa baada ya kupata watoto. Tena waliopunguza zaidi ni mama wenye waume wa kipato kikubwa.

Lakini si kazi zote ziko hivyo, na hapa ndipo ulinganisho unapopata faida. Goldin na Katz walionyesha kuwa ufamasia wa Marekani ulibadilika: maduka makubwa yakachukua nafasi ya maduka ya mtu binafsi, kumbukumbu za dawa za mteja zikawa kwenye kompyuta, na mfamasia mmoja akaweza kumpokea mwenzake zamu bila mteja kuona tofauti. Ukifanya nusu ya saa, unalipwa karibu nusu kamili, bila adhabu ya ziada. Kwa hiyo swali la kujiuliza kuhusu kazi yako ni hili: nisipokuwepo leo, kuna anayeweza kushika nafasi yangu? Kama jibu ni ndiyo, mpango wa 3 au wa 4 utawafaa. Kama ni hapana, na kwa mwenzako pia ni hapana, mpango wa 3 utageuka kuwa wa 2 kimyakimya ndani ya mwaka mmoja.

Mpango wa 4: wote wapunguze, kwa zamu

Hapa baba naye anachukua miezi yake peke yake na mtoto, mama akiwa kazini. Wiki mbili za wote kuwa nyumbani pamoja hazihesabiki, huo ni msaada. Kukaa peke yake ndiko kunakomfundisha mtu kuwa wa kuitwa.

Sweden ilikuwa ya kwanza, mwaka 1974, kuigeuza likizo ya uzazi kuwa likizo ya wazazi wote wawili. Baba hawakuichukua. Wengi walimwachia mama siku zao, mpaka 1995 ulipotengwa mwezi ambao baba asipoutumia unapotea. Norway ilifanya hivyo 1993 kwa wiki nne: waliochukua likizo kabla ya hapo walikuwa karibu asilimia 3, wakarukia takriban 35 mara moja, na kufikia 2006 walikuwa karibu 70. Likizo inayoweza kuhamishwa huhamia kwa mama.

Utafiti wa Norway uligundua jambo lingine ninalolipenda. Mwanamume ambaye kaka yake au mfanyakazi mwenzake alichukua likizo hiyo alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuchukua yake, na mfano wa meneja ulivuta zaidi kuliko wa mfanyakazi wa kawaida. Hofu ya baba, basi, ni kuonekana hana nia na kazi, na hofu hiyo hupungua akiona aliyerudi na cheo chake bado anacho. Japani imewapa baba haki ya muda mrefu wa likizo kwa miaka mingi, lakini bado mwaka 2022 walioitumia walikuwa karibu asilimia 17, na 2023 karibu 30.

Kwa mama, mpango huu una faida mbili: anarudi mapema, na anaporudi kuna mwingine anayejua mtoto anakula nini. Baada ya Quebec kuwatengea baba wiki zao mwaka 2006, utafiti ulionyesha kuwa miaka kadhaa baadaye baba walikuwa wakifanya zaidi kazi za nyumbani na mama wakitumia muda mwingi zaidi kwenye ajira. Kwa baba kuna gharama, tusidanganyane. Atakosa kitu: mradi, safari, pengine nyongeza ya mwaka huo. Tofauti ni kwamba maumivu madogo mara mbili ni rahisi kupona kuliko pigo moja kubwa, kwa sababu adhabu kubwa kazini humwangukia anayetoka muda mrefu.

Chaguo langu, na kwa nani

Kwa wenzi wenye ajira za kawaida na mishahara isiyopishana sana, ningechukua mpango wa 4 kwa mwaka wa kwanza na wa 3 baada ya hapo, namba ya baba ikiwa mstari wa kwanza kwenye fomu walau siku tatu kwa wiki. Mishahara ikipishana mno, au mmoja akiwa kwenye kazi yenye uroho ambayo hataki kuiacha, mpango wa 2 wenye kikomo ni wa heshima, na anayepunguza saa si lazima awe mama. Mpango wa 1 ningeuweka kwa mtoto mwenye mahitaji makubwa, au pale ambapo malezi ya kuaminika hayapatikani kwa bei yoyote. Kutofanya hesabu nyingine si sababu ya kuuchukua.

Wanaojiajiri wana lao. Mama wengi huacha ajira na kuanzisha biashara ndogo ili wakae na mtoto, na uhuru wanaupata, lakini likizo ya kulipwa haipo na mtoto akiugua biashara inafungwa. Kabla ya kuhama, linganisheni kipato cha mwezi mbaya wa biashara, si mwezi mzuri, na mshahara unaouacha. Mzazi anayelea peke yake hana mipango minne. Ana wa 3, na kwake mtu wa pili wa kuitwa, awe ndugu, jirani au msaidizi wa kulipwa, ni wa kutafutwa kabla ya tarehe ya kurudi kazini.

Mpango wowote mtakaochukua, ombi la kupunguziwa saa liende kwa mwajiri kwa maandishi, likitaja saa ngapi, kuanzia lini, na tarehe ya kurudi kwenye saa zote. Mwajiri akikataa kuandika tarehe ya kurudi, ujue anachokupa ni kazi mpya yenye mshahara mdogo, na uipime kama unavyopima kazi mpya.